Yote Kijani, Bibi

Chumba cha kumbukumbu katika kituo kimoja cha afya huko Kabanga, wilayani Kasulu. Kituo chenyewe hatukitaji. Wahusika waliomo wanatosha. Mezani yuko MPAKATO, kompyuta ya makamo, anakula umeme wa sola. Ndani ya Mpakato yuko KIBOKSI, kontena ya programu, kijana wa mjini. Rafuni amelala BIBI MTUHA, kitabu namba 12 cha mfumo wa taarifa za afya, kile cha wodi ya wazazi, kona zimepinda na jalada limebandikwa plasta. Dirishani amesimama JOGOO wa mlinzi, ambaye hakualikwa. Mhandisi aliyetumwa na kampuni amepanda kilimani kutafuta mtandao.

KIBOKSI: Shikamoo, Bibi.

BIBI MTUHA: Marahaba, mjukuu. Mtoto wa nani wewe? Sauti naisikia, mwenyewe sikuoni.

KIBOKSI: Niko ndani ya Mpakato. Mimi ni kontena.

JOGOO: Mwongo huyo. Kontena nalijua, liko pale senta, limetobolewa dirisha, linauza soda na vocha.

MPAKATO: Si hilo, mzee Jogoo. Huyu ni programu iliyozungushiwa uzio. Anatumia kiini cha mfumo wangu, kumbukumbu yangu na chaji yangu, ila anaonyeshwa faili zake tu, mtandao wake tu na kazi zake tu. Anaamini yuko peke yake duniani.

JOGOO: Nimemwelewa. Kitinda mimba.

KIBOKSI: Ukoo wetu ni wa siku nyingi, Bibi. Mwaka 1979 Unix ilipata amri iitwayo chroot, inayoifanya programu ione folda moja na kuiona ndiyo ulimwengu mzima. Baadaye Linux ikajifunza kumpimia kila mmoja kumbukumbu na nguvu ya kichakataji asizidishe. Mwaka 2013 Solomon Hykes akasimama kwenye mkutano wa watu wa Python kule Marekani, akapewa dakika chache tu, akaonyesha Docker, programu ya kutuunda sisi kontena. Toka siku hiyo tumejaa kila mahali.

BIBI MTUHA: Na Kabanga umefuata nini?

KIBOKSI: Kupima programu mpya ya kusajili wajawazito na watoto wanaozaliwa. Inakuja kukupumzisha, Bibi.

BIBI MTUHA: Nimepumzishwa mara nyingi, mjukuu. Kila mradi ukija unanipumzisha. Bajeti ikiisha wananitafuta chini ya kabati na tochi.

KIBOKSI: Safari hii hapana. Mimi ninajua lugha.

BIBI MTUHA: Zipi?

KIBOKSI: Java, Python na JavaScript.

JOGOO: Za mkoa gani hizo?

MPAKATO: Ni za kuandikia programu. Seva imeandikwa kwa Java, takwimu kwa Python, na ile skrini atakayogusa mkunga kwa JavaScript. Zamani kuzipima zote pamoja ilikuwa vita: hii inataka toleo jipya, ile inakufa bila toleo la zamani, na mhandisi kila akiulizwa anajibu kwamba kwake inafanya kazi. Siku hizi wanaandika maelekezo kwenye faili moja, yanajengwa kuwa imeji, na imeji ile ikiwashwa Dar au Kasulu anazaliwa Kiboksi yuleyule. Hapo lazima nimpe haki yake. Jaribio likianguka hapa, litaanguka na kule. Kisingizio cha "kwangu inafanya kazi" kimekufa.

BIBI MTUHA: Vizuri. Na lugha za binadamu?

KIBOKSI: Nne! Kiingereza, Kiswahili, Kifaransa na Kirundi. Mtu akibadilisha mstari mmoja tu wa programu, ninaamshwa. Nafungua ukurasa, nasajili mama, nasajili mtoto, nabonyeza kila kitufe kwa lugha zote nne, natoa ripoti, nakufa. Hakuna mkono wa mtu. Leo nimefanya majaribio 212. Yote kijani, Bibi.

BIBI MTUHA: Umekufa mara ngapi leo?

KIBOKSI: Sikumbuki. Nikifa sibaki na kumbukumbu.

BIBI MTUHA: Ndiyo maana umechangamka.

JOGOO: Na Kiha? Umetaja nne, Kiha sikukisikia. Uko Buha, nchi ya Waha, kijana, si Oysterbay ya Dar.

KIBOKSI: Kiha hakimo kwenye orodha niliyopewa.

MPAKATO: Kina alama yake ya kimataifa, haq, herufi tatu. Ila alama haileti tafsiri.

KIBOKSI: Mhandisi alisema anayeongea Kiha atasoma Kirundi. Vinafanana.

JOGOO: Panda Heru Juu ukamwambie mama mmoja hivyo. Nitakusubiri hapahapa nione utakavyorudi.

BIBI MTUHA: Mwache, Jogoo. Hizo nne nazo si za kubeza. Mimi nimewapokea wa Kabanga, nimewapokea na wa rufaa. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa hapa Kasulu mwaka 1996 kwa Wakongo. Mwaka 2015 Warundi wakaja kwa wingi, Nyarugusu ikafurika, kambi ya Nduta kule Kibondo ikafunguliwa upya. Kwenye ukurasa wangu mmoja mama wa Kabanga yuko juu, mama wa Fizi ya Kongo katikati, mama wa Ruyigi ya Burundi chini. Kwa hiyo niambie, mjukuu. Ulipopima Kiswahili, ulipimaje?

KIBOKSI: Niliambiwa: weka lugha iwe Kiswahili, nchi iwe Tanzania, herufi ziwe UTF-8. Nikaweka. Nikapima. Kijani.

MPAKATO: Kijana, mwambie Bibi umezaliwa kwenye imeji ipi.

KIBOKSI: Nyembamba. Tuliichagua makusudi, bando la huku linauma.

MPAKATO: Na wembamba ule ulipatikanaje?

KIBOKSI: Waliotengeneza walitoa vitu visivyo vya lazima. Kurasa za mwongozo, nyaraka za maelezo, na... faili za lugha.

BIBI MTUHA: Rudia hapo mwisho.

KIBOKSI: Faili za lugha, Bibi.

MPAKATO: Ndipo penye kitendawili. Programu inauliza mfumo: kanuni za Kiswahili cha Tanzania zipo? Mfumo unapekua, haukuti. Hauangui kilio. Unarudi kimyakimya kwenye mpangilio wa msingi unaoitwa C, herufi za Kiingereza tupu na kanuni za kizamani. Unaandika mstari mmoja wa onyo kwenye kumbukumbu, na mstari ule unapita katikati ya mistari elfu. Kazi inaendelea.

BIBI MTUHA: Kwa hiyo alipodhani anapima Kiswahili?

MPAKATO: Alikuwa palepale kwenye C. Kifaransa, C. Kirundi, C. Gawanya 212 kwa nne upate 53. Kijana huyu amepima majaribio 53 mara nne.

KIBOKSI: Lakini maneno ya Kiswahili yapo kwenye programu yenyewe! Hayategemei mfumo. Na kuna jaribio linalohakikisha kila kitufe kina maandishi.

MPAKATO: Yapo, nusu. Tafsiri ikikosekana, programu inaazima neno la Kiingereza. Jaribio linauliza: kitufe kina maandishi? Kinayo. Kijani. Halikuulizwa ni maandishi ya lugha gani.

JOGOO: Huo ni mtihani ambao mwalimu anamwandikia mwanafunzi majibu.

KIBOKSI: Mhandisi alisema Kiswahili bado kigeni kwenye kompyuta, kasoro ndogo tuzivumilie.

MPAKATO: Asikisingizie. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia na ya mahesabu, menyu zote Kiswahili. Kanuni za tarehe na namba za Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya zimo kwenye Linux miaka mingi. Kuziingiza kwenye imeji ni mistari miwili ya maelekezo. Kilichokosekana hapa ni mtu wa kuliona lile onyo.

(Kimya kidogo. Jogoo anawika.)

KIBOKSI: Mbona anapiga kelele?

BIBI MTUHA: Ni saa sita mchana. Huwa hakosei sana.

KIBOKSI: Saa sita? Kwangu ni saa tatu kamili.

JOGOO: Saa tatu! Jua liko utosini!

MPAKATO: Kontena isipoambiwa kitu hufuata saa ya dunia, ile ya UTC. Sisi tumeitangulia kwa saa tatu.

BIBI MTUHA: Subirini, hilo linanihusu. Ngoja nijifungue ukurasa... Huyu hapa. Mtoto wa kike, amezaliwa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari. Msajili, mjukuu.

KIBOKSI: Nimesajili. Tarehe 31 Desemba, saa 23:00.

JOGOO: Amemrudisha mwaka jana! Mtoto ana dakika tano duniani, tayari ana mwaka mzima wa nyuma.

BIBI MTUHA: Unacheka, ila mwisho wa mwezi mimi hujumlishwa, na jumla yangu inakwenda wilayani kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Mimi nitasema Januari wamezaliwa kadhaa, huyu atatoa mmoja na kumpeleka Desemba. Wilaya itapiga simu. Nani ataulizwa? Atasimamishwa mkunga, aeleze mtoto alikwenda wapi.

MPAKATO: Na hapo amesajili mashine, hajasajili mkunga. Mkunga aliyekesha, akiona kisanduku cha saa, kichwani mwake ni saa nane. Ataandika 8. Programu itaelewa 08:00, yaani saa mbili asubuhi. Mtoto mmoja ana saa tatu tofauti za kuzaliwa, na kila moja ina mtetezi wake.

KIBOKSI: Majaribio yangu yote yalitumia saa nne asubuhi.

MPAKATO: Bila shaka. Ndiyo saa mhandisi anapokunywa chai. Saa nne ya Kabanga ni saa moja ya UTC, tarehe ileile. Makosa ya tarehe yanaonekana kati ya saa sita usiku na saa tisa, na wodi ya wazazi haifungwi saa hizo.

BIBI MTUHA: Tuendelee. Uzito.

KIBOKSI: Uzito uko salama, Bibi. Nimepima kwa lugha zote nne... samahani, kwa lugha moja mara nne. Mtoto wa kilo 3.

BIBI MTUHA: Tatu kamili? Mimi ukurasa mzima unaweza kuisha sijamwona wa tatu kamili. Chukua huyu. Mama alikuja na karatasi ya rufaa, aliyeiandika alisoma shule za Uvira, Kongo. Ameandika 2,8.

KIBOKSI: Mkato badala ya nukta?

MPAKATO: Ndivyo Wabelgiji walivyowafundisha, Kongo na Burundi. Sasa tazama. Java ukiiambia ifuate kanuni za Kiingereza kisha ukaipa 2,8, inadhani mkato ni ule wa kutenganisha maelfu. Inauruka. Inasoma 28.

JOGOO: Kilo ishirini na nane! Huyo akizaliwa anavaa sare anakwenda darasa la tatu.

MPAKATO: Geuza sasa. Iambie ifuate kanuni za Kifaransa, kisha mkunga wa hapa aandike 2.8 kwa nukta kama alivyofundishwa Tanzania. Inasoma 2, inakuta nukta isiyoijua, inaacha kusoma. Hailalamiki.

BIBI MTUHA: Huyo wa 28 sina hofu naye. Kila mtu atamcheka na kumsahihisha. Huyo wa 2 ndiye ananitisha. Kilo mbili ni mtoto anayewezekana. Atatambuliwa kuwa njiti, atahesabiwa na njiti, na ikiwa kuna dawa ya kupimwa kwa uzito atapewa ya mtoto mwingine. Na ripoti yako itakuwa na rangi gani?

KIBOKSI: Kijani, Bibi.

BIBI MTUHA: Majina.

KIBOKSI: Nina mama mmoja wa majaribio. Anaitwa Test Test.

JOGOO: Wa ukoo gani?

KIBOKSI: Test.

BIBI MTUHA: Sasa mimi nitakuzalishia akina mama wengine. Wa kwanza ni Msukuma, jina lake linaanza na Ng, kisha kile kikoma cha juu. Kuna programu zinazodhani kikoma hicho ndicho mwisho wa jina, zikalisoma lililobaki kama amri. Wa pili mumewe anaitwa Désiré, na herufi hizo mbili zina vilemba. Nimeziona karatasi zilizochapwa kwa mashine, mzee wa watu ameandikwa DÃ©sirÃ©. Wa tatu ana jina moja tu, la pili hana na hatafuti, ila skrini yako imeweka nyota nyekundu inadai jina la ukoo. Wa nne ni mtoto mwenyewe. Ana saa moja. Hajapewa jina, na huku kwetu anaweza kukaa siku kadhaa. Kwangu ameandikwa "mtoto wa fulani". Kwako?

KIBOKSI: Kwangu hawezi kuhifadhiwa.

BIBI MTUHA: Basi hajazaliwa.

KIBOKSI: Bibi, naomba nikunakili wote. Kurasa zako zote, nizitie kwenye imeji. Nitakuwa na mifano ya kweli na sitakosea tena.

BIBI MTUHA: Hapana.

KIBOKSI: Ni kwa nia njema!

BIBI MTUHA: Humu kuna majibu ya vipimo vya watu. Kuna aliyejifungua ambaye kijijini kwao hawajui kama alikuwa na mimba. Tangu 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022. Na hata kabla ya sheria, mimi nilikuwa nafungwa kabatini kwa kufuli.

KIBOKSI: Nitafuta nikimaliza.

MPAKATO: Hutafuta. Imeji ni matabaka. Ukiweka faili kwenye tabaka la chini kisha ukaifuta kwenye la juu, imefunikwa tu. Aliye na imeji anaweza kufunua. Na imeji hupandishwa kwenye ghala la mtandaoni, pengine wazi kwa kila mtu.

BIBI MTUHA: Tunga wako. Nimekupa umbo la majina, sikukupa majina. Saa zitunge, uzito utunge, ila vitunge kama vya huku.

(Mpakato anatoa mlio. Chaji imeshuka.)

MPAKATO: Wingu limekaa juu ya sola. Kama mnataka kujaribu, iwe sasa.

KIBOKSI: Niambieni cha kubadilisha.

MPAKATO: Kwenye maelekezo ya imeji, ingiza faili za lugha. Onyo la lugha isiyopatikana liwe kosa la kusimamisha kazi, lisiwe mnong'ono. Saa iwe ya Dar es Salaam, kisha rudia kwa UTC uone kama tarehe zinagombana. Ongeza lugha ya tano ya uongo, kila neno lirefushwe na kuvikwa alama. Popote utakapoona Kiingereza safi, ujue mtu ameandika neno moja kwa moja ndani ya programu. Halafu futa tafsiri moja ya Kiswahili kwa makusudi. Jaribio lisipoanguka, jaribio lenyewe ndilo bovu.

KIBOKSI: Na kilo 2,8 na 2.8, na saa nane usiku, na Ng', na Désiré, na asiye na jina.

JOGOO: Na Kiha.

KIBOKSI: Kiha sina tafsiri, mzee.

JOGOO: Basi andika jaribio linaloanguka. Liangukie hapo kila siku mpaka mtu aone aibu.

(Kiboksi anakufa, anajengwa upya, anazaliwa. Bando linalia. Dakika zinapita.)

KIBOKSI: Shikamoo, Bibi. Mimi ni kontena...

MPAKATO: Tunakujua. Soma ripoti.

KIBOKSI: Yamefaulu 221. Yameanguka 19. Bibi, nimechafuka! Siyo kijani!

BIBI MTUHA: Sasa ndiyo umeanza kazi, mjukuu. Hayo 19 yote nayafahamu, yamelala kwenye wodi hii.

(Mhandisi anaingia, simu sikioni. Wote wananyamaza, Jogoo anashuka dirishani. Anasikika akisema: "Ndiyo bosi, kikao saa nane, nipo tayari." Anatazama skrini. Anakaa. Anakuna kichwa, anafungua faili ya majaribio, na mbele ya kila lililoanguka anaandika neno moja la kuliambia lirukwe. Anabonyeza.)

KIBOKSI (kwa sauti ya chini): Shikamoo, Bibi. Mimi ni kontena. Yote kijani.

BIBI MTUHA: Marahaba. Soma mstari wa mwisho, ule mdogo.

KIBOKSI: Yamefaulu 221. Yamerukwa 19.

Kikao kilifanyika saa nane, 14:00 kwa mpangilio wa kimataifa. Slaidi ya ripoti ilionyesha 221 kwa rangi ya kijani, na mstari wa yaliyorukwa haukuwekwa. Waliohudhuria walipiga makofi, wakapewa soda na chapati. Programu iliwashwa wiki iliyofuata, na mtoto wa kwanza aliyesajiliwa kwayo usiku alipewa tarehe ya jana. Mkunga aliona, akamwandika upya kwenye kitabu namba 12.